Njoo tucheze bakgamoni, ila pesa ibaki mfukoni

Hebu nikuulize swali kabla hujaendelea. Mara ya mwisho ulipopoteza kitu, iwe ni mechi, pesa ama nafasi ya kazi, ulikaa chini ukajiuliza kama ulikosea mahali? Ama ulisema tu "bahati yangu ni mbaya" ukasonga mbele?

Nauliza kwa sababu Jumamosi iliyopita nilipigwa vibaya. Tulikuwa sebuleni kwa rafiki yetu pale South B, mechi ya pointi saba, tuko sita kwa sita. Nilikuwa nimebakisha kete mbili ubaoni na zamu ijayo zote zilikuwa zinatoka, hata nikirusha dadu namna gani. Mwenzangu alikuwa na kete nne, mbili kati yake zikiwa bado kwenye pembe ya sita. Kitu kimoja tu kingemwokoa, nacho ni sita mbili. Nafasi moja kati ya 36. Akatikisa kikombe, akamwaga dadu, na sioni haja ya kukueleza kilichoanguka.

Nyumba nzima ilipiga mayowe. Nadhani majirani wa juu walifikiri Arsenal wamefunga. Nilimpa jamaa mkono, nikameza mate, nikashuka kutafuta matatu.

Miaka mitatu iliyopita ningekirusha kile kikombe ukutani. Lakini Jumapili jioni, mwenzetu mmoja ambaye hurekodi mechi zetu kwa simu aliingiza hatua zote kwenye programu ya kompyuta, na programu ikasema nilicheza vizuri kumliko aliyenishinda. Makosa yangu yalikuwa machache, tena madogo. Usifikiri najisifu. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeshinda mechi, nikajipiga kifua kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hadi watu wakachoka, kisha programu hiyo hiyo ikaniaibisha mbele ya wote. Nilikuwa nimecheza ovyo. Dadu ndizo zilinibeba.

Sasa nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza, jifunze mchezo huu. La pili, tuucheze bila kuweka pesa mezani, na hilo la pili ndilo limetugombanisha pale South B.

Mchezo unaitwa bakgamoni. Kama hujawahi kuusikia usijali, wengi wetu tulianzia ludo na drafti. Chukua ludo: una kete, una dadu, unazunguka hadi nyumbani, na ukikuta kete ya mwenzako unaila, inaanza upya. Sasa ondoa ile habari ya kungoja sita ndio utoke. Weka dadu mbili kila zamu. Mpe kila mchezaji kete 15 na ubao wenye pembe 24, mmoja akielekea huku na mwingine akitokea kule, kwa hivyo lazima mpishane njiani. Kupishana huko ndiko vita vilipo. Ukiweka kete mbili au zaidi kwenye pembe moja, pembe hiyo ni yako, mwenzako hawezi kutua hapo. Ukiacha moja peke yake, umeianika. Ukifaulu kupanga pembe sita mfululizo, kete ya adui iliyobaki nyuma haivuki hata akirusha nini. Ukipata dadu zinazofanana, kwa mfano tatu mbili, unacheza tatu mara nne. Anayetoa kete zake zote kwanza ameshinda. Basi. Ukiwa na akili ya ludo, dakika ishirini zinatosha kujua sheria. Kuujua mchezo wenyewe ni kitu kingine kabisa.

Ni mchezo wa kale sana. Waajemi wanauita nard, Waturuki tavla, na ukifika Misri utasikia tawla, kete zikigongwa ubaoni mikahawani huku kahawa inapoa. Mimi nilifundishwa na binamu yangu aliyekuwa mlinzi wa jengo kule Doha. Yeye naye alifundishwa na Mmisri waliyekuwa naye zamu ya usiku. Alirudi nyumbani na ubao mmoja wa mbao na hasira nyingi juu ya ajenti aliyempeleka, lakini habari ya ajenti ni ya siku nyingine.

Usiku wa kwanza binamu yangu hakunifundisha hata kushinda. Alinifundisha kuhesabu. Na wewe hesabu nami, tumia vidole ukitaka.

Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa njia 36, kwa maana kila moja ina nyuso sita, na sita mara sita ni 36. Tuseme umeacha kete yako peke yake, na kete ya adui iko hatua sita nyuma yake, njia ikiwa wazi. Ni njia ngapi zinamruhusu akule? Kuna njia 11 ambazo angalau dadu moja ni sita. Ongeza tano na moja, ambazo zinaweza kuja kwa njia mbili. Ongeza nne na mbili, njia mbili tena. Ongeza tatu mbili, halafu mbili mbili. Jumla 17. Yaani karibu nusu ya wakati wote, kete yako imeliwa.

Sasa isogeze hatua moja tu mbele, iwe hatua saba kutoka kwa adui. Hakuna dadu yenye saba, kwa hivyo lazima aunganishe: sita na moja, tano na mbili, ama nne na tatu. Kila jozi ina njia mbili. Jumla 6.

Kutoka 17 hadi 6, kwa hatua moja! Nilikaa kimya nikiangalia ubao. Nilikuwa nimecheza ludo tangu darasa la tatu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mahali unaposimama kunaweza kubadilisha hatari kiasi hicho. Kwetu kila mtu alikuwa na imani yake. Kuna aliyepuliza dadu, kuna aliyeitisha sita kwa jina la nyanya yake, na kuna jamaa mmoja ambaye hakuna aliyekubali kukaa kulia kwake kwa sababu "anabeba mkosi". Dadu haikujui wewe wala nyanya yako. Lakini unaweza kuchagua mahali pa kusimama kabla haijarushwa, na hapo ndipo kazi yako inapoanza na kuishia.

Nitakuambia sababu jambo hili lilinichoma. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilitumiwa pesa za hosteli, shilingi 18,000. Zilikaa nami siku nne. Nilianza na mechi za Ulaya, halafu nilipoanza kuikimbiza hasara nikahamia ile ndege ya kwenye simu inayopaa, inapaa, kisha inapotea na doo zako. Nikachukua mkopo wa simu ili nijifidie. Mkopo nao ukapanda ndege. Muhula huo mzima nililala sakafuni kwa rafiki, na nyumbani nikawa nasema hosteli ni nzuri ila maji yanapotea potea.

Pesa ziliniuma, sitakudanganya. Lakini kilichokuja kuniuma zaidi ni kwamba kwa muda wote huo sikujifunza kitu hata kimoja. Nikishinda nilijiona mjanja. Nikipoteza nilimlaumu refa, ama kipa, ama yule mse aliyenipa "uhakika". Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa mbovu tangu mwanzo, hata siku nilizoshinda.

Angalia. Tuseme kuna mechi ya tenisi ya watu wawili wanaolingana kabisa, kama kurusha sarafu. Kampuni inakupa 1.90 kwa kila upande. Weka mia mara mbili. Kwa kawaida moja utashinda upate 190, nyingine utapoteza. Umetoa 200, umerudishiwa 190. Kila mia yako imekatwa shilingi tano, na hakuna aliyekuibia, ni hesabu tu. Sasa sisi hatuwekagi moja. Tunapanga mkeka wa mechi kumi. Zidisha ule ukato mara kumi, na mia yako ina thamani ya kama shilingi 60 kabla mchezaji wa kwanza hajagusa mpira. Unaanza safari ukiwa umeshapoteza 40. Halafu tunasema mkeka umechanwa na timu moja!

Kwenye bakgamoni hakuna kampuni katikati. Dadu unazorusha wewe ndizo anazorusha mwenzako. Leo zitampenda yeye, kesho wewe, na mkicheza mechi za kutosha mtakuwa mmepata sawa. Kinachobaki ni nani alisimama vizuri.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana na wachezaji. Mwaka wa 1979 kule Monte Carlo, Luigi Villa wa Italia alikuwa ndio tu ametwaa ubingwa wa dunia. Akaketi kucheza na programu ya kompyuta iliyoitwa BKG 9.8, kazi ya Hans Berliner, profesa wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa chesi kwa njia ya posta. Mashine ikashinda 7 kwa 1. Haikuwa imewahi kutokea mashine kumpiga bingwa wa dunia katika mchezo wa ubao. Ungetarajia Berliner atembee kifua mbele maisha yake yote. Badala yake alirudi akachunguza mechi hatua kwa hatua, kisha akaandika wazi kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi, na kwamba dadu ziliibeba mashine yake.

Soma hiyo tena. Mtu ameshinda mbele ya dunia, kisha anasema kwa maandishi kwamba hakustahili. Sijui mwanasiasa anayeweza kufanya hivyo, na sijui mkamaria pia.

Baadaye mashine zilikuja kushinda kwa haki. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Gerald Tesauro wa IBM alitengeneza programu ya TD-Gammon iliyojifunza kwa kucheza dhidi yake yenyewe, zaidi ya mara milioni moja, na ikawafanya mabingwa wabadilishe namna walivyokuwa wakifungua mchezo kwa miaka mingi. Leo kuna programu ya bure, GNU Backgammon, unayoweza kuiweka kwenye laptopu yako ya zamani. Itakupa alama ya makosa: kadiri ilivyo ndogo ndivyo ulivyocheza vizuri. Wachezaji wakubwa duniani hukaa chini ya 5. Mimi, siku nikiwa nimelala vizuri, niko 14. Hata kuna mashindano siku hizi ambapo unaweza kupoteza mechi na bado upate pointi kwa kuwa ulifanya makosa machache kumliko aliyekushinda. Ukifikiria, hicho ni kitu cha ajabu sana kwenye mchezo wa dadu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu.

Ubao wa bakgamoni huja na kitu kingine, mchemraba wenye nambari 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Huu haurushwi. Ulianza kutumika New York miaka ya 1920, kwenye vilabu vya watu wenye pesa zao. Kazi yake ni hii: ukiona unaongoza, kabla ya kurusha dadu unaugeuza hadi 2 na kumsukumia mwenzako. Unamwambia, mchezo huu sasa ni wa pointi mbili badala ya moja, unakubali ama unatoka? Akitoka, amepoteza pointi moja, mnaanza mwingine. Akikubali, mnaendelea, na mchemraba ni wake. Kuanzia hapo ni yeye tu anayeweza kuugeuza hadi 4, akurudishie mwenyewe.

Je, ukubali lini? Watu wengi wanaoanza hutoka haraka kwa woga, ama hukubali kila kitu kwa kiburi. Fanya hesabu. Tuseme una nafasi ya kushinda mara moja kati ya nne. Ukitoka mara nne, umepoteza pointi nne, moja moja. Ukikubali mara nne, utapoteza tatu kwa pointi mbili, hiyo ni sita, na utashinda moja kwa pointi mbili. Sita toa mbili ni nne. Ni sawasawa! Kwa hivyo ukiwa na robo ya nafasi na zaidi, kubali, hata kama unaonekana umezikwa. Chini ya robo, toka, ujiokoe. (Kuna marekebisho madogo madogo, lakini hayo utayakuta mbele.) Kwangu hicho kilikuwa kitu kipya kabisa: kwamba kuna hali ambayo unapoteza, unajua unapoteza, na bado jibu sahihi ni kukaa. Na kuna nyingine ambayo jibu sahihi ni kuinuka na kwenda, hata kama roho inasema ngoja kidogo. Siku zile za 18,000, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuinuka ni hatua halali ya mchezo.

Kikundi chetu kilianza na watu watano mwaka jana. Sasa tuko kumi na mmoja. Na mwezi huu jamaa yule yule wa sita mbili, ambaye kwa kazi ni mhasibu, ametoa pendekezo kwamba tuanze kuweka shilingi 200 kwa kila pointi. Nusu ya kikundi wamechangamka.

Nitakupa hoja zake bila kuzichafua, maana si mjinga. Anasema mchemraba ulizaliwa na pesa. Ni kweli. Anasema bila pesa watu wanaukubali mchemraba kiholela kwa kuwa hakuna kinachouma, na hivyo hakuna anayejifunza. Hilo nalo nimeliona kwa macho yangu. Kuna mwenzetu hajawahi kukataa mchemraba tangu tuanze. Na anapenda kumtaja Matvey Natanzon, yule aliyejulikana duniani kote kama Falafel, aliyewahi kulala nje katika bustani ya Washington Square kule New York, akicheza kwa pesa na wapita njia, hadi akaja kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani kabla ya kufariki mwaka wa 2020. "Ona pesa zilivyomnoa," anasema.

Mimi namjibu hivi. Falafel nilisoma habari zake kwa hamu, na ninachokiona ni mtu mwenye kipaji cha ajabu aliyeishi miaka mingi pesa zikiingia huku na kutokea kule. Kama maisha hayo hayakumtulia yeye, wewe wa alama 14 unatafuta nini?

Halafu kuna hesabu, na mhasibu anapaswa kuijua kuniliko. Mia mbili kwa pointi inasikika kama bei ya chipsi. Lakini mchemraba unaweza kufika 8 ndani ya robo saa, hasa mkiwa mmepandwa na mori. Na kuna sheria nyingine: ukishindwa kabla hujatoa hata kete moja, unalipa mara mbili. Nane mara mbili ni 16, mara 200 ni shilingi 3,200. Mchezo mmoja. Kwenye kikundi chetu kuna mwanachuo, kuna anayeuza vifuniko vya simu pale mjini, kuna wawili hawajaajiriwa tangu wahitimu. Mtu akipoteza 3,200 saa tisa mchana, unafikiri atasema nini? Atasema mechi nyingine. Namjua huyo mtu. Ni mimi wa mwaka wa tatu.

Na ile hoja kwamba bila pesa mchemraba hauna maana, ina dawa tayari, na dawa yenyewe ni mashindano. Mechi ya pointi 7, ama 11, ndivyo mabingwa wanavyocheza hadi fainali. Ukikubali mchemraba kizembe ukiwa nyuma 3 kwa 5, umeitupa mechi, na mbele yako kuna mtu aliyepanda matatu kutoka Rongai kuja kucheza nawe, anakuangalia. Inauma. Nakuhakikishia inauma vya kutosha. Hata kuna kanuni kwamba mtu akibakisha pointi moja kushinda mechi, mchezo mmoja unaofuata unachezwa bila mchemraba, ili aliye nyuma asiugeuze hapo hapo kwa kuwa hana cha kupoteza. Walioweka kanuni hiyo hawakuwa wakifikiria shilingi. Walikuwa wakifikiria mechi iwe ya haki.

Sisemi watu wazima hawana haki ya kufanya watakavyo na pesa zao. Wacheze kwao. Ninachosema ni kwamba ukileta pesa kwenye meza ambayo mtu amekuja kujifunza, atakachojifunza ni kile kile alichokijua tayari: kuangalia matokeo na kusahau uamuzi. Mtu aliyepoteza 3,200 hataki kusikia kwamba alicheza vizuri. Na aliyeshinda 3,200 hataki programu imwambie ukweli. Tutaacha kurekodi mechi, nakuambia. Hicho ndicho kitu cha kwanza kitakachokufa.

Kuna jambo jingine sijalisikia likitajwa kwenye mjadala wetu, nalo ni wasichana. Wako watatu kwenye kikundi, na mmoja wao amenipiga mara nyingi kuliko ninavyotaka iandikwe hapa. Wote watatu waliniambia kando kwamba meza ikiwa ya pesa hawatakuja, kwa kuwa wanajua meza za namna hiyo zinavyobadilika kufikia jioni: pombe, kelele, na mtu anayedai deni lake kwa njia zisizofaa. Bingwa wa dunia wa mwaka wa 2014 na tena 2018 alikuwa mwanamke, Akiko Yazawa wa Japani. Sitaki kikundi chetu kiwapoteze watatu hao ili watu sita wapate msisimko.

Kama umesoma hadi hapa na bado hujagusa ubao, usingoje kununua. Ubao mzuri ni ghali, na wetu mmoja wa mbao unaogopwa kama kikombe cha wageni. Chukua katoni, kata, chora pembe 12 upande huu na 12 upande ule. Okota vifuniko vya soda 30, vya rangi mbili. Dadu toa kwenye ludo ya zamani. Kikombe tumia cha chai, lakini tikisa kweli na umwage dadu zote mbili kwa pamoja upande wako wa kulia. Dadu ikipanda juu ya kete ama ikianguka chini, unarusha zote mbili upya, hakuna mjadala. Zamu yako imeisha unapoziinua dadu zako, si kabla. Ukisema unaugeuza mchemraba umesema, huwezi kurudisha neno. Mechi ikiisha mpe mwenzako mkono, hata kama amekutoa kwa sita mbili. Hasa kama amekutoa kwa sita mbili.

Kwenye simu kuna programu nyingi za bakgamoni za kuchezea bure. Zitumie kujifunzia sheria na kuhesabu, lakini zikikuomba uweke namba ya kulipia, funga. Tafuta mtu wa kukaa mbele yako. Mchezo huu una ukimya fulani wakati mwenzako anafikiria kukubali mchemraba, anauzungusha kwa vidole, anakuangalia usoni, na huo huwezi kuupata kwenye skrini.

Jumamosi hii tunapiga kura pale South B, saa nane mchana, kabla ya mechi ya kwanza. Nimehesabu vichwa. Watano wako upande wangu, watano upande wa mhasibu, na mmoja, yule asiyewahi kukataa mchemraba, anasema ataamua akifika. Baada ya kura, vyovyote itakavyokuwa, mimi na mhasibu tuna mechi ya marudiano ya pointi saba. Nimemwambia aje na kikombe chake.